Pasipopakwa Rangi

Afisa alitandaza ramani juu ya boneti,
akaizuia kwa mawe manne; upepo wa Juni una mikono.
"Hapa," akasema Bi Kokushubila,
"penye kijivu ndipo faru alipo."
Nikatazama. Vidoa vichache, kama vya chai,
mashariki huko, kaskazini huko, kila kimoja na ua lake.
Sikonge nyeupe. Ugalla nyeupe.
Nyeupe hadi ukingoni mwa karatasi.

Mimi mrina asali, kusoma kwangu kumeishia kwenye magome.
Lakini kitongoji chetu kinaitwa Kwampela,
na mpela, kwa Kinyamwezi, ni yeye huyo.
Jina hilo hatukuliokota.

Nikamwambia: paka rangi na huku.
Anzia miombo inapokoma
na udongo mweusi wa mbuga unapoanza,
pale migunga inapojikunja kwa miiba.
Huyu hakuwa mla nyasi, alikuwa mtu wa vichaka;
mdomo wa juu umechongoka kama kidole,
hukata kijiti mshazari, safi,
ungedhani mtunza bustani kapita na mkasi.
Paka na njia yake ya usiku kwenda mtoni,
moja tu, ileile, mpaka ardhi ikafanya kovu,
na jaa la samadi alilolitawanya kwa miguu
ili mwenzake ajue: pana mwenyewe hapa.

Marehemu baba, Kasanda, aliuona wayo wa mwisho.
Vidole vitatu kwenye tope la masika.
Alivua kifuniko cha mzinga akaufunika,
mvua isije ikaufuta.
Nyuki walimwadhibu, hakujali.
Siku ya nne alirudi, mimi begani.
Nakumbuka harufu ya nta.
Wayo siukumbuki.

Siku hizi migunga imefungana, hakuna wa kuipogoa.
Miombo nayo inaingia kwenye mabani ya tumbaku, gogo kwa gogo,
na yule ndege, askari wa kifaru, anapanda ng'ombe
kama mlinzi aliyehamishwa kituo
bila barua.

Bi Kokushubila alisikiliza. Akauliza mwaka.
Nikasema: mwaka ule mininga ilipochelewa kuchanua.
Kalamu yake ilisimama, haikuandika.
Akakunja ramani, akayarudisha mawe chini, moja moja,
taratibu, kama anayelaza watoto.

La nne alilisahau kwenye boneti.
Gari likaondoka nalo.