Vidole Vinne vya Hewa

Maboksi haya yalitoka Kibirizi, yalikuwa ya barafu na migebuka.
Nimeyasugua kwa majivu, kwa ndimu, kwa majivu tena,
na bado jua likipanda paka wa Mzee Ruhinda
huja kukaa mbele yake, akisubiri samaki atoke kwenye saladi.

Udongo sina. Nina baraza la saruji, hatua sita kwa tatu,
kodi ya miezi sita, na mwenye nyumba
asiyetaka jembe liguse ua wake.
Basi nilitoboa vifuniko kwa kopo la nyanya lililopashwa moto,
nikapachika vikombe vya mtindi, sponji, mbegu,
nikapima chumvi za mimea kwa bomba la sindano,
kifaa nilichokizoea: mililita hizi, mililita zile,
ya kwanza ikoroge iyeyuke kabisa, ndipo ya pili;
zikikutana nzito zinakabana kama ndugu kwenye mirathi.

Mama alifika kutoka Heru Juu na goti bovu,
mtoto wa jicho pande zote mbili, na jembe lake
amelifunga kwenye gunia kama mgonjwa wa kusafirishwa.
Akainama. Akanusa. Akatia mkono.
"Hii mboga inasimama juu ya nini?"
Maji, mama.
"Na maji yanasimama juu ya nini?"
Boksi.
"Na boksi?"
Kodi, nikasema, tukacheka sote,
yeye akawa wa kwanza kuacha.

Wiki ya tatu mizizi ilishuka, myeupe, mingi, kama katani iliyochanwa.
Maji yakapungua, na ndivyo inavyotakiwa:
ukibaki uwazi wa vidole vinne chini ya kifuniko
mizizi ya juu hupumua, ya chini hunywa.
Hilo sikumwambia. Nani amfundishe kulima
mwanamke aliyelisha watu tisa kwa ekari moja na nusu ya mteremko?

Nikatoka zamu ya usiku Maweni, nikakuta majani yamelala.
Yamenyauka, ndani ya maji, kwa maji tele.
Nikafunua. Yamefika shingoni, yamefika mdomoni;
mizizi imekuwa ya kahawia, inateleza,
inanuka kama ndoo ya kudekia.
Pembeni, kata yake, bado inadondosha.

"Yalikuwa yanaisha," alisema. "Kila usiku nakuongezea.
Wewe uko kazini, nani atawanywesha?"
Miaka hamsini ameyatazama mawingu ya Buha yakipita tu
na maharage yake yakipauka;
angelalaje karibu na boksi lililopungua?

Sikugomba. Nilitaka.
Viatu vya kazi vilikuwa bado miguuni
na usiku ule tulikuwa tumempoteza mtoto wa mtu,
mapafu yamejaa, mtungi wa oksijeni hatua mbili kutoka kitandani.
Nikamshika mkono mama, nikauingiza
kwenye boksi moja lililosalimika,
lile alilolisahau nyuma ya mlango.
Maji haya hapa. Mboga hii hapa.
Katikati, vidole vyake vinne.
"Hapa hakuna kitu," akasema.
Hapo ndipo zinapopumulia.

Akakaa kimya kiasi cha kuchambua ungo wa mchele.
Halafu: "Kumbe ni kama kuishi na mkwe.
Karibu, lakini si sana."

Siku hizi macho yake hata kijani hayakioni.
Alfajiri namsikia barazani akiyagonga maboksi
kwa kifundo cha kidole, moja moja,
kama anayechagua boga.
Lenye sauti nzito huliinamia, akapunguza kikombe, akamwaga uani.
Lenye mwangwi huliacha.

Kisha hurudi ndani, huvuta lile gunia chini ya kitanda,
akaligonga nalo.
Mara moja tu.
Anasikiliza.