Mkasi wa Alhamisi

Stoimen huja kila Alhamisi,
theluji ya Plovdiv mabegani,
avua kofia: nywele zilezile
za wiki jana, haujaota hata unywele mmoja.
Radostina hasemi. Amfunga shuka shingoni,
aulaza upara wake kiganjani
kama mama apimaye homa,
kisha mkasi: kacha, kacha,
ukikata hewa tupu nyuma ya sikio.

Tangu Novemba, alipomzika Zdravka,
hakuna mkono mwingine unaomgusa.
Simu humuuliza kila asubuhi,
kwa sauti ya mashine, amelalaje.

"Nikulipe ngapi?"
"Nusu. Leo hazikuwa nyingi."

Nami kwenye foleni, mwenye haraka zangu,
naitia saa mfukoni,
namwachia kinyozi achelewe.