Leso Kavu

Kamera haikulowa.
Naanza na hilo kwa kuwa ndilo aliloniapia muuzaji
pale Mwembe Tayari, akiigeuzageuza kama papai la kuchagua:
"Tazama, Shee, kila kiungo kina mpira,
mwembamba kama uzi wa tasbihi.
Mlango wa betri, mpira. Shingo ya lenzi, mpira.
Hii hata ukioga nayo."
Nikalipa nusu. Nusu nadaiwa hadi leo.

Mwezi wa tano ikaja mvua yenyewe,
ile inayoshuka kama iliyokatiwa kamba,
na Bi Mwanasiti wa Mkanyageni akanipigia simu kabla ya adhuhuri.
"Njoo sasa. Ukija kesho utapiga picha ya ukuta,
na mwenye nyumba ataapa ukuta wake una afya."
Kesi yake Jumatatu. Alitaka hakimu ayaone maji
yangali yanatembea.

Miaka kumi na mmoja nimepiga harusi.
Bibi harusi humwambia ainue kidevu, akainua.
Maji hayaambiwi kitu.
Nikapiga tundu la bati, likatoka giza.
Nikapiga tone, nikapata mstari.
Nikaongeza kasi, nikapunguza,
nikarudi nyuma hadi uani, na mlizamu uliovunjika
ukanimwagia utosini, mimi na mashine,
na mashine ikaendelea, tk, tk, tk,
kama mtu atafunaye njugu matangani.

Muuzaji hakusema uwongo.
Hakusema yote tu.
Mpira huziba kiwiliwili; jicho liko nje,
halina kope,
na kila tone lililotua pale likakaa
kama mgeni aliyekwisha kupewa jembe na bado haagi.
Shati, chapachapa. Kitambaa cha lenzi, chapachapa.
Mfukoni nikatoa uji uliokuwa noti ya mia.

"Wataka nini?" akauliza Bi Mwanasiti.
Kitandani pake pana sufuria nne,
mjukuu amelala chini ya meza, juu ya meza pana ndoo.
"Kitu kikavu," nikasema,
kisha nikajisikia nilivyosema.
Kitu kikavu. Nyumba ile.

Hakucheka.
Akatia mkono ndani ya foronya, katikati ya sufi,
akavuta leso, doti nzima, haijakatwa,
haijaonja maji tangu itoke dukani,
nyekundu, yanukia udi.
"Nimemwekea Aziza akijifungua. Shika, pangusa."
Nikasoma maandishi kwanza, ndiyo mazoea yangu:
USINIPE POLE, NIPE NAFASI.
Nikapangusa kwa pembe. Pembe ikalowa
duara dogo, ukubwa wa shilingi,
nami nilipokwisha kugeuka kufanya kazi
duara likawa bado latambaa.

Picha zilizofaa ni tatu. Hakimu alipewa mbili.
Ya tatu ninayo mwenyewe, ya makosa:
nilimlenga yeye akikunja leso,
mashine ikashika tone lililoning'inia kwenye waya wa balbu.
Uso wake ni ukungu. Lakini ndani ya tone
nyumba nzima imepinduka, bati liko chini,
sufuria zimeshikilia dari,
chembe nyekundu imesimama katikati, nadhani ndiyo leso,
na maji, mara moja hiyo, yanapanda kurudi yalikotoka.

Kesi imeahirishwa hadi mwezi wa nane, ukavuni.
Nilimpelekea doti nyingine kutoka Mtaa wa Biashara.
Akaipapasa pindo, akainusa, akaipachika foronyani kimya.
"Hii ya mvua ya pili," akasema.
"Nawe kalipe deni la hiyo kamera."