Mkono wa Kike

Covilhã, mji wa viwanda vya sufu,
ambako theluji hushuka mlimani hadi kwenye kamba za nguo,
dada yangu Deolinda alishika kijiko kwa mkono usiotakiwa.

Bibi alianza na utepe.
Utepe wa buluu, masalio ya gauni langu la ubatizo.
Akaufunga ule mkono kwenye kiti wakati wa supu.
"Si adhabu," alisema, "ni kumkumbusha tu."
Kijiko kikatetemeka upande wa pili,
kabichi ikamwagikia magoti,
nami nikacheka, kwa kuwa baba alicheka.

Nilikuwa na miaka minne. Nilijifunza kucheka
kama nilivyojifunza kutembea:
kwa kushikilia watu.

Shuleni, Bi Perpétua alikuwa na rula
lakini hakuitumia sana. Alikuwa na peremende.
Aliwapa waliokwenda mbio kumnong'oneza:
"Deolinda ameubadilisha tena."
Wakaenda mbio. Hata Gracinda, binti wa kinyozi,
waliyemega naye mkate mmoja kila mapumziko.
Peremende za limau, za kusisimua meno.
Naijua ladha yake.
Nilipoingia darasa la kwanza, nami nilikimbia.

Wa kulia, twasema: mkono wa kulia chakula.
Wa kulia machozi ni upi, hatukusema.
Na huu mwingine, wahenga waliuita wa kike,
wakauficha mgongoni.
Samaki mkunje angali mbichi!
Haya. Samaki aliulizwa lini?

Kumi na minne, akaingia kiwandani.
Nyuzi zilipokatika alizifunga
kwa mkono wowote uliokuwa karibu,
msimamizi akaita wenzake waje watazame.
Jumapili hiyo Bibi alitembea kanisani kifua mbele:
"Mnaona? Tulimnyoosha."
Deolinda mwenyewe aliapa mbele ya wasichana wa zamu
kwamba hajawahi kuwa vingine.
Hakuwa akidanganya. Nilimtazama usoni.

Juzi, jikoni kwake.
Mjukuu wake Benedita, miaka mitatu,
akaokota kalamu ya rangi, nyekundu,
kwa mkono ule.
Meza nzima ikanyamaza, nami humo, mzee na mvi zangu.
Mkono wa dada yangu ukaruka kumnyang'anya,
upesi, bila kutumwa na mtu,
na ulikuwa wa kushoto.

Ukasimama hewani
kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni barabarani.

Benedita akadhani unaomba. Akauwekea kalamu ya kijani.
"Chora na wewe."

Deolinda amejaza fomu maisha yake yote
kwa herufi nzuri zilizosimama wima.
Akachora mstari.
Ukatoka umepinda, umekazwa mno, karatasi ikatoboka:
mkono wa mtoto wa miaka sita,
uliokuwa umekaa pale alipouacha.