Kura Moja ya Asumini

Ukumbi wa chuo, Masasi. Wajumbe wa mkoa mzima:
wa Nanyumbu wamesafiri usiku kucha,
sisi wa Tandahimba tungali na salfa kwenye kucha.
Kiti kimoja cha bungeni, wanawake wanane.

Asumini Nandonde alipewa dakika tatu.
Akaitaja mizani ya ghalani
inayomeza kilo mbili kila gunia.
Tulipiga vigelegele hadi msimamizi akagonga meza.

Lakini bahasha zilishapita alfajiri, nyuma ya majiko.
Kangomba ya kura:
korosho ingali ua,
imeshapimwa kwa kopo la mtu.

Saa nne usiku yakasomwa.
Asumini: moja.

Asubuhi wakamfuata kwake, mmoja mmoja,
Somoe, Bi Likokola,
hata yule wa Mangaka asiyemjua jina:
“Ile moja, shoga, ilikuwa yangu.”
Niliwahesabu kumi na wanne.
Wote aliwashukuru, akawafungia mihogo ya njiani.

Nikaingia wa kumi na tano.
Sijafungua mdomo, akanisogezea kigoda.
“Kalamu yao haikuwa na wino,” akasema.
“Jina langu nililiandika mara mbili.”