Mgongo wa Tjark

Walikuja Kiel mwezi wa Aprili na malori manne,
taa kubwa kama sufuria za arusi, nyaya, poda za uso,
na mwongozaji aliyevaa buti za kupandia farasi
ingawa farasi hatukumwona.
Waliitaka meli yetu ya torpedo. Waliutaka moshi.
Moshi ulikuwa kazi yetu, mimi na Tjark Lührsen,
wachochea makaa wa zamu moja,
na jicho letu liko kwa mmoja: Wiebke, mkata tiketi za feri,
ambaye hakuwa amemwahidi yeyote chochote.

Katika hadithi yao maluteni wawili wanagombea binti wa jemadari.
Mmoja anasukumwa baharini usiku,
mwenzake anajitosa, anamwopoa,
wanashikana mikono, bendera inapepea, basi.

Ila staa wao hakujua kuogelea.
Akatafutwa mtu wa kuanguka badala yake:
marki tano, na nusu chupa ya ramu.
Tulivuta njiti, mimi na Tjark, nyuma ya tanuri.
Yangu ilikuwa fupi.
Wiki nzima sikumpa hata kiberiti.

Alianguka mara kumi na moja.
Ya kwanza, maji hayakuruka vya kutosha.
Ya nne, kofia ilibaki kichwani.
Ya saba, mwongozaji alipiga kelele kwenye bomba la bati:
“Mfa maji hutapatapa! Wewe mbona umetulia?”
Tjark, midomo ya buluu, akajibu
kwamba maji ya Aprili hayampi mtu nafasi ya kutapatapa.
Tukacheka sote, hata mimi, nikajichukia.
“Rudia!”

Mimi walinipa ndoo.
Kazi yangu: kummwagia staa maji kichwani
ili aonekane ametoka baharini.
Maji ya vuguvugu. Niliyapasha mwenyewe.
Marki moja.

Majira ya kupukutika majani nilimpeleka Wiebke sinema,
viti vya mbele, nimenyoa, nimepaka mafuta.
Usiku wa bandia, meli, sauti ya tarumbeta,
luteni anageuka, anatupa kisogo, anaanguka.
Ukumbi mzima ukaguna kwa ajili ya staa.
Wiebke akasema, polepole, kama mtu anayesoma anwani:
“Huyo ni Tjark.”
Umejuaje?
“Bega la kushoto limeshuka.”

Bega langu pia limeshuka.
Koleo ni lile lile, makaa ni yale yale.

Nikala karanga zangu hadi mwisho.
Harusini mwao nilisimama kulia, nikashika pete,
nikaimba kwa sauti kuliko baba wa bibi harusi.

Kisha vita. Kisha barua yenye mhuri, mistari miwili,
jina la ghuba moja ya Norwe ambalo Wiebke
hata leo hulitamka vibaya kwa makusudi.

Miaka kumi baadaye filamu ile ilioneshwa Flensburg,
ukumbi wa kanisa, viti vya kukunja, mashine inayokohoa.
Nilikaa naye. Hatukushikana mikono.
Luteni alipotupa kisogo, Wiebke akainuka,
akamwendea kijana wa mashine:
“Simamisha hapo. Kabla hajagusa maji. Tafadhali, hapo tu.”

Kijana hakuwa na ubaya. Alikuwa na jasho na haraka.
“Haiwezekani, mama,” akasema.
“Utepe huu ukisimama mbele ya taa, unaungua.”