Mlango wa Tisa

Misimu kumi na moja, Aune,
tangu Alhamisi ile ulipogonga dari yangu kwa mpini wa fagio
ukidhani nagombana na mume,
kumbe ni meli iliyokuwa ikipasuka angani.
Ukashuka kulalamika. Ukaketi "dakika mbili tu,"
viatu vya theluji miguuni, sakafu yangu ikilowa,
ukasema hupendi upuuzi huo,
watu wazima kuvaa mapajama ya fedha na kusalimia nyota.
Dakika mbili zako zimezaa miaka kumi na moja.
Mume hakumaliza hata msimu wa pili.

Leo Oulu ni nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
mto umeganda kutoka ng'ambo hadi ng'ambo.
Nimemwambia msimamizi wa gereji jino linaniuma,
nimeacha basi namba nane juu ya jeki, tumbo wazi,
nimeoka mkate wa iliki, nimeizima simu.

Na sasa imekwisha.
Majina yanapanda, meupe juu ya weusi,
nami sijui nipige makofi au niipige teke televisheni.

Maana tuseme ukweli:
meli ibebe bahari iliyogandishwa,
vizazi vinne vizaliwe na kuzikwa humo
ili sayari kame ipate kunywa,
halafu ifike, ikute mvua inanyesha?
Mvua! Na watu wana miavuli!
Na rubani Oriane, aliyetuvusha kwenye vimondo
kwa mkono mmoja na ulimi mchafu,
kifo chake kitajwe kwa nusu sentensi
kati ya mtu kumimina chai na mtu kukohoa.
Na mlango wa tisa.
Mlango wa tisa, jamani,
wenye alama nyekundu tangu kipindi cha kwanza,
niliouchorea ramani nyuma ya risiti za vipuri,
wameupita kwa mara ya mwisho
kama mdeni apitavyo mbele ya duka la anayemdai.

Lakini
kuna ile dakika ya arobaini na mbili.
Nukta, yule roboti wa kuhesabu matone,
asiyejua kusema uongo hata pale ukweli ulipomng'oa mkono,
ameketi na mpishi anayekata roho.
Mpishi anauliza: "Bahari yetu, wameipokea?"
Kimya. Kimya kirefu hadi nikasikia friji yangu ikinguruma.
"Wameipokea," akasema Nukta. "Watoto wanaogelea."
Hapo nililia bila adabu, makamasi na yote,
nikageuka nikuone nawe unalia.

Ulikuwa umelala.
Kidevu kifuani, kipande cha mkate mkononi kama tiketi,
usingizi umekuteremsha kituo kimoja kabla ya mwisho.

Sikukuamsha. Nilikasirika, kisha nikakuonea wivu:
mwisho wako wewe bado mzima, haujafunguliwa.
Wangu nimeshautumia na chenji sikupewa.
Alhamisi ijayo itakuja mikono mitupu.
Utashuka ngazi kwa kisingizio gani?

Ukafumbua jicho moja.
"Wamefika?"
"Wamefika."
"Na ule mlango?"
Nikaitazama friji.
"Wameufungua," nikasema. "Ndani kulikuwa na dirisha."

Ukatafuna mkate polepole, ukiupima uongo wangu
kama ulivyokuwa ukipima vifurushi kule posta.
"Masikio yako yamekuwa mekundu," ukasema.
"Kesho naja kuangalia mwenyewe.
Halafu tuurudie msimu wa pili,
ule sikuuona kabisa.
Nilikuwa naitazama mikono yako,
ilikuwa ikitetemeka, na hukujua."

Nikafunga mkate uliobaki kwenye karatasi,
nikaandika juu yake: Ijumaa.